Marejesho yafuate giza na mbalamwezi ya ziwani: barua ya wazi kuhusu mikopo ya dharura

Kwa:
Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, kupitia tawi la Mwanza
Mkuu wa Mkoa wa Mwanza
Mkurugenzi wa Jiji la Mwanza na Mkurugenzi wa Manispaa ya Ilemela

YAH: MIKOPO YA MUDA MFUPI TUNAYOCHUKUA TUKIPATWA NA DHARURA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kirumba, na huu ni mwaka wa kumi na moja naanika na kuuza dagaa pale soko la Mwaloni. Ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tuko wanawake ishirini na watatu. Kwa hiyo habari za mikopo huwa zinanifikia mapema, maana mtu akikwama rejesho la nje, mlango wa kwanza kugonga ni wa mweka hazina, tena usiku.

Nianze na langu.

Mwaka jana mwezi wa pili, jioni ya Jumatatu, kijana wangu wa miaka tisa aliteleza kwenye jiwe. Anayeijua Mwanza hana haja ya maelezo. Nyumba zetu za mlimani zimejibana katikati ya mawe makubwa, na mawe hayo ndiyo uwanja wa watoto. Alidondokea mkono, kiwiko kikavunjika vibaya, mfupa ukakaa upande. Hospitali wakasema lazima afanyiwe upasuaji awekewe vyuma, gharama laki nne na nusu, na itangulizwe. Ndani nilikuwa na laki moja na elfu themanini, fedha ya kununulia mzigo. Mfuko wa jamii wa kikundi ukanipa elfu hamsini, ndiyo kiwango chetu kwa mwanachama anayeuguliwa. Sanduku lenyewe lilikuwa jepesi, maana tulikuwa tumevunja mzunguko Desemba, kila mtu akachukua chake, na mwezi wa kwanza ada na sare zikameza yote. Ndugu zangu waliokuwa na uwezo walinitumia elfu tano, elfu kumi, ikaishia nauli na chakula cha mgonjwa. Nikabaki na upungufu wa laki mbili na elfu ishirini, na mtoto analia.

Asubuhi ya Jumanne nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya mikopo. Sitaitaja. Siandiki ili kumchafulia mtu jina, na ofisi za namna hiyo ziko nyingi, huku kwetu na Buzuruga na Igoma na kwingineko. Nilipokelewa vizuri, haki isemwe. Kabla ya saa sita mchana fedha ilikuwa mkononi, hakuna benki ambayo ingenifanyia hivyo. Mtoto aliingia chumba cha upasuaji jioni ileile, na leo mkono ule unabeba ndoo. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayetaka ofisi hizo zifungwe. Zikifungwa kesho, mama mwingine atakaa na mtoto wake kwenye korido hadi Ijumaa.

Ila sikilizeni jinsi mkopo wenyewe ulivyokuwa.

Nilihitaji laki mbili na ishirini. Wakaniambia kiwango hicho hawana, wana laki moja, laki tatu na laki tano. Nikachukua laki tatu. Kabla sijaishika ikakatwa elfu kumi ya fomu na elfu ishirini wanayoiita ya uchakataji, nikapewa laki mbili na sabini. Marejesho elfu hamsini kila Ijumaa, wiki nane. Nikapewa kadi ya manjano yenye vyumba vinane, kila chumba kinasubiri muhuri. Jumla ya laki nne haikuandikwa popote kwenye ile kadi. Niliijumlisha mwenyewe kwenye daladala, kwa kidole juu ya goti. Kwenye mkataba nilikuwa nimeshaweka dole gumba na sahihi, na mdhamini wangu, dada tunayeanika naye, alikuwa ameshaandika namba ya kitambulisho chake.

Waheshimiwa wa Benki Kuu, hesabu mnaijua kuliko mimi, ila naomba tuipitie pamoja. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za 2019, wakopeshaji hawa wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, wanapewa leseni nanyi, na ukomo wa riba mliouweka ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Laki tatu kwa miezi miwili, hata riba ikipigwa juu ya laki tatu yote mwanzo hadi mwisho, ni elfu ishirini na moja. Mimi nililipa riba ya laki moja, mbali na elfu thelathini iliyokatwa mwanzoni. Tena laki tatu yenyewe sikukaa nayo miezi miwili. Kila Ijumaa nilikuwa napunguza. Kufikia wiki ya tano zaidi ya nusu ya mkopo ilikuwa imesharudi kwao, lakini riba iliendelea kama vile fedha yote bado iko kwangu. Ingehesabiwa kwenye salio linalopungua, kwa asilimia zenu hizohizo, ingekuwa kama elfu kumi na mbili hivi. Tofauti ya elfu kumi na mbili na laki moja, kwetu sisi, ni debe kadhaa za dagaa na ada ya mtoto.

Bado hilo sio lililoniumiza kuliko yote. Lililoniumiza ni mwezi wa angani.

Labda kuna wakubwa wanaosoma barua hii ambao hawajalala kambi ya wavuvi, niruhusuni nieleze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola, dagaa wanaufuata mwanga, wanazungushiwa nyavu. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu tena. Ziwa zima lina mwanga, dagaa wanatawanyika. Basi mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, vijana wanalala. Inaweza kupita wiki, hata siku kumi, hadi giza lirudi. Hii sio habari mpya wala sio ajali. Kila mtu Mwaloni, kuanzia tajiri mwenye mitumbwi hadi mama anayefagia dagaa zilizomwagika, anajua giza linaingia lini na mbalamwezi inaanza lini. Tunapanga arusi kwa kalenda hiyo. Fedha yetu inakuja kwa mkupuo wakati wa giza na inakauka wakati wa mbalamwezi. Mvua ikiongezeka ndipo inakuwa mbaya zaidi, dagaa zinaozea kwenye chanja, zinauzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Sasa kadi ya manjano haijui mwezi. Ijumaa mbili za kwanza nililipa bila shida, giza lilikuwepo. Ijumaa ya tatu ilikuta mitumbwi imelala. Nilikuwa na magunia matatu niliyoyaweka makusudi niyauze mbalamwezi, maana dagaa zikiadimika bei inapanda, na hapo ndipo mwanamke wa Mwaloni anapopata faida yake. Niliyauza siku sita kabla bei haijapanda, kwa sababu afisa mikopo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwangu tangu saa moja asubuhi, kimya, daftari mapajani, majirani wakipita na kumsalimia. Hakunitukana. Alikaa tu. Watoto walikwenda shule wakimruka miguu. Ile fedha ya magunia haikutosha kulipa wao na kula sisi, kwa hiyo rejesho la wiki ile likachelewa siku sita, na la wiki iliyofuata likachelewa siku nne. Faini elfu tano kwa siku. Elfu hamsini nyingine, imeandikwa nyuma ya kadi kwa kalamu nyekundu. Nikauza turubai mbili za kuanikia. Giza liliporudi, mitumbwi ikaingia imejaa, bei ya chini, kila mtu ananunua, mimi sina mtaji wala turubai.

Nilimaliza. Vyumba vinane vyote vimegongwa muhuri. Nilipokea laki mbili na sabini nikarudisha laki nne na nusu. Ni fedha ileile hospitali waliyonitajia kwa mkono wa mtoto.

Mdhamini wangu hakulipa hata senti, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini kwa miezi miwili hatukuwa tunazungumza kama zamani. Alikuwa ananiangalia kila Alhamisi.

Na mimi ni miongoni mwa waliotoka salama. Kwenye kikundi chetu yupo binti ambaye mama yake aliugua Ukerewe, akahitaji nauli na dawa usiku, akakopa kwa programu ya kwenye simu. Elfu themanini, siku saba. Alipochelewa siku mbili, ujumbe ulitumwa kwa watu wote walio kwenye simu yake: wateja, mwalimu wa mtoto, kiongozi wa kwaya, hadi baba mkwe. Ujumbe ulimwita tapeli na mwizi. Nyie ni watu wa huku, au mmeishi huku, mnajua mkwe ni nani. Binti hajakanyaga kwa wakwe zake tangu siku ile, na deni alishalilipa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni na kuwaonya wananchi. Ilikuwa kazi nzuri, tuliisoma kwa sauti kwenye kikao. Lakini orodha inafungia majina, na programu inabadilisha jina kwa siku moja. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Binti huyo apeleke wapi malalamiko yake, hapa Mwanza, kwa miguu, akaonane na mtu? Mimi nimeulizia, kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine.

Watu wameshaipa mikopo hii jina la kausha damu, na jina limekaa. Kwenye mikutano viongozi nao wanalitumia, kisha wanatushauri tusikope bila mpango. Naomba mtuelewe hapo. Arusi inapangwa, ada inapangwa, hata paa la nyumba linapangwa. Mtoto kuteleza kwenye jiwe hakupangwi. Mtu aliyepatwa na dharura hana muda wa kuzunguka ofisi tano kulinganisha riba. Anachukua fedha iliyo karibu. Kwa hiyo ulinzi wake lazima uwe umeshawekwa kabla hajaingia mlangoni, na wa kuuweka ni ninyi.

Ninayoyaomba hayahitaji Bunge, kwa jinsi ninavyoelewa mimi.

Kubwa kuliko yote ni hili la mwezi. Benki Kuu ielekeze kwamba mkopo wa marejesho kwa mtu ambaye kipato chake kinajulikana kuwa cha msimu upangwe kwa msimu huo. Kwetu ina maana rahisi: Ijumaa za mbalamwezi zirukwe, mkopo wa wiki nane uende wiki kumi na moja au kumi na mbili, bila faini, riba ihesabiwe kwenye salio kwa kiwango cha kisheria. Hakuna anayesamehewa deni. Mkopeshaji anapata fedha yake yote, tena kwa uhakika, kwa sababu mtaji wa mkopaji haujauzwa. Kalenda ya mwezi haihitaji mtaalamu. Mkulima wa pamba wa Magu au Kwimba naye ana msimu wake, naamini ataeleza wa kwake. Nimesikia maafisa wakisema mfumo wa kompyuta hauruhusu kuruka wiki. Mbona unaruhusu kuongeza faini kila siku?

Linalofuata ni bei. Kila mkopeshaji abandike ukutani, na aandike juu kabisa ya mkataba kwa Kiswahili na kwa shilingi, mambo matatu: utapokea kiasi gani mkononi, utarudisha jumla kiasi gani, na tarehe ya mwisho ni lini. Asilimia zibaki chini kwa wanaozijua. Afisa asome kwa sauti, mdhamini akiwepo, kabla ya dole gumba. Mimi ningeambiwa "unapokea laki mbili na sabini, unarudisha laki nne", pengine bado ningekopa, kwa sababu mtoto alikuwa analia. Lakini ningekopa laki moja, nyingine nikaiombe kwa tajiri ninayemuuzia. Na mtu akihitaji laki mbili na ishirini apewe laki mbili na ishirini, asisukumiwe ngazi ya juu.

Vitu vya kazi na vitambulisho visiguswe. Nimeona kadi za benki za walimu zimefungwa mpira kwenye droo ya mkopeshaji, namba za siri zimeandikwa juu kwa kalamu. Nimeona mtungi wa gesi na cherehani vikibebwa kwenye bodaboda. Anayebeba cherehani ya fundi anataka alipwe kwa kitu gani?

Kwa Wakurugenzi wetu: kwa sheria ileile ya huduma ndogo za fedha, vikundi kama chetu ni daraja la nne, tunasajiliwa halmashauri, na maafisa maendeleo ya jamii wanatufahamu. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata, na haina riba, tunashukuru. Ila ni fedha ya mradi, ina andiko, ina vikao, inakuja baada ya miezi. Haimsaidii mtu wa Jumatatu usiku. Tunachoomba kwenu ni mtusaidie kuandika katiba za vikundi zenye mfuko wa dharura usiogawanywa Desemba. Kosa letu la kikundi ni hilo, nalikubali kama mweka hazina: tunavunja mzunguko tunagawana hadi shilingi ya mwisho, tunaingia Januari sanduku likiwa tupu, na Januari haijawahi kuwa mwezi mwepesi. Mwaka huu tumeamua kila mwanachama abakize elfu ishirini sandukuni. Jumla ni laki nne na elfu sitini. Halmashauri ikiweka kiasi kama hicho juu yake, wanawake ishirini na watatu hawatakaa tena kwenye lile benchi. Na mikopo yenu ya asilimia 10 nayo, kwa vikundi vya ufukweni, ifuate giza na mbalamwezi.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa nina moja la hospitali. Baada ya yote haya ndipo niliambiwa, na muuguzi mmoja mteja wangu, kwamba hospitali za umma zina afisa ustawi wa jamii, na mgonjwa aliyekwama anaweza kuonana naye ili apangiwe utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Siku ile hakuna aliyeniambia, na mimi sikujua kuuliza. Nilielekezwa dirisha la malipo tu. Ninaomba liandikwe bango pale dirishani, kwa herufi kubwa, chumba namba fulani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapitishwa mwaka 2023. Siku itakapotufikia Mwaloni kikamilifu, wengi tuliopita kwenye lile benchi hatutakuwa na la kwenda kukopea. Hadi hapo, bango ni karatasi na kalamu.

Najua wakopeshaji nao wana yao. Wapo wanaokopa leo, kesho wamepanda boti kwenda visiwani, Goziba huko au Ukara, simu imezimwa. Anayekopesha bila dhamana anabeba hatari, na hatari ina gharama. Siipingi. Lakini mwenye leseni na anayefuata ukomo wa riba anaumizwa na huyu asiyefuata, maana sisi tukishaungua kwa mmoja tunawaogopa wote. Mkiwasimamia vizuri mtakuwa mmewalinda na wao.

La mwisho ni dawati. Tawi la Benki Kuu lipo hapa mjini, jengo tunaliona, lakini mwanamke mwenye magamba ya samaki kwenye kanga haingii pale. Wekeni afisa mmoja, siku moja kwa wiki, kwenye ofisi ya mtendaji wa kata au palepale Mwaloni karibu na mizani. Awe na orodha ya wenye leseni, apokee malalamiko, ayaandike, na atupe namba ya kufuatilia. Aje wakati wa mbalamwezi, ndipo tuna nafasi ya kukaa na kuongea.

Kikundi chetu kinakutana Jumamosi saa kumi jioni, na sanduku linafunguliwa mbele ya kila mtu kwa funguo tatu. Yeyote kati yenu akimtuma mtu wake, tutamwekea kiti. Kadi yangu ya manjano ninayo, mihuri minane mbele na kalamu nyekundu nyuma, na wenzangu wanne wameshanikabidhi za kwao. Nitazitoa zote tano.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mweka hazina wa kikundi,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza